Nchi Isiyo Tupu: Marsabit kwa Jicho la Mtu wa Mombasa Bara

Neno "bara" halina mpaka mmoja. Mwenyeji wa Mji wa Kale, kisiwani Mombasa, akisema kwamba anakwenda bara, huenda safari yake yote ikawa ni kuvuka kwa feri hadi Likoni, au kupita daraja la Nyali kuingia Kisauni, au kulipita daraja la Makupa kuelekea Changamwe. Mtu wa Likoni, ambaye kwa mwenzake wa kisiwani ni wa bara, akiulizwa bara ni wapi, atanyoosha kidole upande wa Mariakani na Voi, huko yatokako magari ya Nairobi. Mtu wa Nairobi naye hujiona yuko katikati ya nchi, na akitaka kutaja mahali pa mbali, yamkini ataitaja Marsabit. Na mtu wa Marsabit je? Kwa miaka mingi imesikika huko kaskazini kauli ya msafiri aelekeaye Nairobi kwamba "anakwenda Kenya". Kila mmoja ana bara lake, na hapana akubaliye kuwa yeye ndiye aliye mbali.

Makala haya yanalifuata neno hilo hadi huko linakoishia. Yanachunguza jiografia na hali ya hewa ya Marsabit, nchi yenye watu wachache mno, yenye jangwa chini na baridi juu, na yanaitazama kwa jicho la mtu aliyezaliwa Mombasa bara, penye joto, unyevu na msongamano wa watu. Swali linaloongoza ni moja: je, nchi ikiwa na watu wachache ndiyo kusema kwamba ni tupu? Wahenga walinena, asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii aghalabu hutumiwa kumwonya mtu asikose kikao kinachomhusu. Lakini inaweza pia kusomwa kama maelezo ya jinsi nchi nzima inavyopoteza haki yake kwa sababu wasemaji wake hawapo pale inaposemwa.

Tuanze na hesabu. Marsabit ilijulikana kwa muda mrefu kama wilaya, na tangu mwaka 2013, kufuatia katiba ya 2010, ni kaunti. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 71,000, ambao ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nchi ya Kenya. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 459,785, yaani watu sita hivi katika kila kilomita moja ya mraba. Katika sensa hiyo hiyo Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333 katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 220, yaani kama watu 5,500 kwa kila kilomita ya mraba. Lau watu wanaoishi katika kilomita moja tu ya mraba ya Mombasa wangetawanywa kwa kipimo cha Marsabit, wangehitaji zaidi ya kilomita za mraba 800, karibu mara nne ya eneo zima la Mombasa. Hesabu hii humshangaza mtu wa Kisauni, ambaye akifungua dirisha lake humsikia jirani akikoroga chai. Hata hivyo, hesabu haijaeleza sababu. Sababu imo katika ardhi na katika hewa.

Katikati ya kaunti umesimama Mlima Marsabit, mlima uliotokana na volkano, wenye kimo cha mita 1,707. Juu yake pana msitu mnene na mashimo makubwa ya volkano ambayo wenyeji huyaita "gof". Baadhi ya mashimo hayo yamejaa maji yakawa maziwa. Katika msitu huo ndiko alikoishi Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalumu mwaka 1970, na ambaye alikufa mwaka 1974. Ukiuteremka mlima kuelekea kaskazini na magharibi, msitu hugeuka kuwa vichaka, vichaka hugeuka kuwa nyanda za mawe meusi ya volkano, na hatimaye hufunguka jangwa la Chalbi. Hilo ni bonde pana, tambarare kama sakafu, jeupe kwa chumvi. Pembezoni mwake ndipo zilipo chemchemi na visima vinavyoishi watu na mifugo, kama vile Kalacha, Maikona na North Horr. Upande wa magharibi zaidi, nyuma ya Mlima Kulal, liko Ziwa Turkana, ambalo maji yake ni ya magadi.

Weupe wa Chalbi ni kumbukumbu ya maji. Maelfu ya miaka iliyopita, wakati mvua ilipokuwa nyingi katika sehemu hii ya Afrika, Ziwa Turkana lilikuwa kubwa kuliko lilivyo sasa, na hapo penye chumvi palikuwa na ziwa. Mvua zilipopungua, yapata miaka elfu tano iliyopita, maji yalikauka na chumvi ikabaki. Hata leo ikinyesha mvua kubwa, Chalbi hujaa maji kwa majuma kadhaa, kana kwamba ziwa limekuja kuzuru nyumba yake ya zamani.

Je, hili ni jangwa la baridi? Wanajiografia huyagawa majangwa katika mafungu mawili makuu. Yapo ya joto, kama Sahara, na yapo ya baridi, kama Gobi kule Mongolia na Uchina, au Ladakh katika milima ya Himalaya, ambako wakati wa kipupwe chao maji huganda. Kwa kipimo hicho Kenya haina jangwa la baridi. Chalbi ni jangwa la joto, na mchana zebaki huweza kupanda kupita nyuzi 35. Hata hivyo, Marsabit ina jambo ambalo msafiri kutoka pwani hulitambua kwa ngozi yake kabla ya kulisoma kitabuni. Jangwa na baridi ni majirani wa karibu mno. Mji wa Marsabit uko katika kimo cha takriban mita 1,300, ilhali Chalbi iko chini ya mita 500. Kwa kuwa hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi kila tunapopanda mita 1,000, wastani wa joto mjini Marsabit ni kama nyuzi 20, dhidi ya nyuzi 26 za Mombasa. Asubuhi ya Julai ukungu huteremka barabarani, watu hujifunika mashuka na makoti, na mgeni kutoka Changamwe aliyeambiwa kwamba anakwenda jangwani hujuta kuliacha sweta lake nyumbani.

Ukungu huo unatoka wapi? Hapa ndipo jiografia ya Marsabit inapomgusa mtu wa pwani moja kwa moja. Lugha ya Kiswahili imezipa dira zake majina ya pepo. Kaskazini ni upande inakotoka kaskazi, na kusini ni upande inakotoka kusi. Mtoto wa Likoni akisema kwamba Marsabit iko kaskazini, bila kujua analitaja jina la pepo iliyozileta jahazi za Arabuni na Bara Hindi kuanzia Novemba hadi Machi. Lakini pepo inayotawala Marsabit si kaskazi. Ni pepo itokayo kusini mashariki, ndugu wa kusi ile ile inayowazuia wavuvi wa Likoni kwenda mbali baharini ifikapo Juni na Julai. Pepo hiyo hutoka Bahari ya Hindi ikiwa imebeba unyevu, hupita juu ya pwani, huvuka nyika, kisha hukutana na Mlima Marsabit. Mlima huilazimisha ipande. Ikipanda hupoa, na ikipoa, unyevu wake hugeuka ukungu. Ukungu hutanda usiku na kukacha, hushika majani na matawi, hudondoka chini ya miti, na karibu na adhuhuri huyeyuka. Ndiyo maana msitu ule umeota juu ya kisiwa cha mawe kilichozungukwa na ukame. Kwa hakika unakunywa bahari.

Ikisha kuupita mlima, pepo hiyo huingia katika bonde pana lililo kati ya milima ya Uhabeshi na milima ya Kenya. Bonde huibana kama maji yanavyobanwa katika mfereji, nayo hukaza mwendo. Wataalamu wa hali ya hewa wameipa jina la mkondo wa Turkana, na ni miongoni mwa pepo zenye nguvu zaidi katika Afrika ya Mashariki. Nguvu hiyo ndiyo pia sehemu ya siri ya jangwa. Mvua haihitaji unyevu pekee, bali huhitaji pia hewa ipande juu ikapoe. Pepo inayokimbia juu ya tambarare huubeba unyevu na kupita nao, kama lori lililojaa mizigo linavyopita kituo bila kushusha. Kwa hiyo, juu ya mlima huweza kunyesha milimita 800 kwa mwaka, ilhali katika Chalbi mvua aghalabu haifiki milimita 250, kiwango ambacho wanajiografia wengi hukitumia kulitambulisha jangwa. Jua na upepo kwa pamoja vina uwezo wa kukausha zaidi ya milimita 2,000 katika muda huo huo. Uchache wa watu, basi, umetokana na hesabu ya maji. Ngamia, mbuzi na kondoo hawawezi kulishwa mahali pamoja mwaka mzima pale ambapo mvua hunyesha leo huku na kesho kutwa kule. Wagabra na Warendile walioitawanya mifugo yao katika nchi pana wamefanya hivyo kwa sababu mvua yenyewe imetawanyika.

Mwanafunzi wa Kiswahili anapofika kwenye majira ya mwaka hukutana na jambo la kufurahisha zaidi. Kiswahili cha pwani kina masika kuanzia Machi hadi Mei, kipupwe kuanzia Juni hadi Agosti, vuli kuelekea mwisho wa mwaka, na kiangazi kuanzia Desemba hadi Machi. Waborana na Wagabra, ambao lugha yao ni tawi la Kioromo, wana "ganna", mvua kubwa za Machi hadi Mei. "Adolessa", kipindi cha baridi na ukavu cha Juni hadi Agosti. "Hagaya", mvua fupi zinazoanza kuelekea Oktoba. Na "bona", kiangazi cha Desemba hadi Februari. Majira ni manne huku na manne kule, na yanakaribia kulingana mwezi kwa mwezi. Lugha hizi mbili hazina nasaba moja. Moja ni ya Kibantu, iliyokulia ufukoni. Nyingine ni ya Kikushi, iliyokulia kwenye malisho. Kinachozilinganisha ni mbingu. Ukanda ule ule wa mvua unaolifuata jua kaskazini na kusini ya Ikweta huipa Kisauni masika na huipa Maikona ganna. Tofauti iliyopo ni ya kipimo tu, kwani masika ikichelewa Kisauni, muhogo hunyauka. Ganna ikikosekana Maikona, ukoo mzima huhama.

Majira yakilingana, haimaanishi kwamba maneno yote yanalingana. Mwalimu mmoja mzaliwa wa Kisauni, aliyepelekwa kufundisha Kiswahili katika shule moja ya upande wa Chalbi, aliwapa wanafunzi wake insha kuhusu siku ya mvua. Alitazamia kusoma juu ya radi, mapaa yanayovuja, na watoto wanaoogelea katika madimbwi, kama insha za kwao zilivyokuwa. Msichana mmoja alikuwa ameandika sentensi chache tu. Mvua ilinyesha usiku, baba akafurahi, na asubuhi mbuzi wengi walikuwa wamekufa. Mwalimu alidhani kwamba walichukuliwa na mafuriko, akamwita na kumuuliza.

"Maji yaliwabeba?"

"La, mwalimu. Ni baridi."

Akamweleza kwamba baada ya ukame mrefu mbuzi huwa wamekonda hata hawana mafuta mwilini. Mvua ya kwanza ikija na upepo usiku kucha, wasipopata mahali pa kujisitiri, hawaioni asubuhi. Kwa hiyo mvua inayoombewa dua miezi mingi huja na mkono mmoja wa kutoa na mwingine wa kutwaa. Mwalimu alilisoma tena lile neno "baridi" katika daftari la msichana kama neno asilolijua. Kwao Kisauni baridi ni raha. Mtu hupewa maji ya baridi akashukuru, hukaa barazani jioni akapunga upepo wa baridi, na moyo ukipata faraja husemwa kuwa umeburudika, kitenzi chenye asili moja na neno hilo hilo. Msemaji wa pwani amejaliwa kuyafanya mapumziko na baridi kuwa ndugu. Kwa msichana wa Chalbi, baridi ni hasara inayohesabiwa kwa vichwa vya mbuzi. Neno ni lile lile, sarufi ni ile ile, na maana mbili zimetenganishwa na kilomita zipatazo elfu moja za barabara.

Jambo hili si dogo. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, mvua za misimu mitano mfululizo zilikosekana katika Upembe wa Afrika, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika kumbukumbu za miongo minne. Nchini Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili iliangamia, na Marsabit ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia zaidi. Kisha, mwishoni mwa 2023, mvua za El Niño zilikuja kwa kishindo na kuleta mafuriko mahali pale pale palipokuwa na mizoga. Redioni na magazetini habari hizo zilielezwa kwa neno moja tu, "ukame". Wafugaji wana maneno ya kuutofautisha ukame wa msimu mmoja na ule unaomaliza kizazi cha ngamia. Kiswahili cha vyombo vya habari hakikuyauliza.

Lugha isipouliza, huweka neno lake la haraka, na neno hilo kwa Marsabit limekuwa "tupu". Jangwa tupu, nchi tupu, nyika tupu. Utupu huu una historia. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1902 iliyahesabu maeneo ya pembezoni kuwa yaliyofungwa, na ile ya 1934 ikakaza udhibiti wa watu waliokuwa wakiishi humo. Baada ya uhuru, Waraka wa Kikao Na. 10 wa mwaka 1965 uliamua kwamba fedha za maendeleo ziende zaidi kule kwenye rutuba na mvua ya kutosha, ambako zingeleta faida upesi. Kwa mujibu wa hesabu hiyo, nchi iliyokosa mvua ilikosa pia barabara, na lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale kupitia Marsabit haikukamilika mpaka nusu ya pili ya miaka ya 2010.

Mtu wa Mombasa bara ana sababu ya kuielewa hadithi hii kuliko wengi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi ya pwani walete madai yao, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Serikali ya Mfalme. Wengi waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao humo hawakuwapo mbele ya msajili, na lao likawa halipo. Wajukuu wao, Likoni na kwingineko, waliishi miaka mingi wakiitwa maskwota katika ardhi waliyozaliwa. Nchi haikuwa tupu. Karatasi ndiyo iliyokuwa tupu. Vivyo hivyo, baadhi ya wakaazi wa Marsabit walikwenda mahakamani mwaka 2014 wakidai kwamba ardhi yao ya jamii karibu na Ziwa Turkana ilitolewa kwa mradi wa umeme wa upepo bila utaratibu kufuatwa, na mwaka 2021 mahakama iliyokaa Meru ikaikubali hoja hiyo. Anayehamahama na ngamia huiacha ardhi ipumzike, naye mpita njia akiikuta imepumzika huiita haina mwenyewe.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kufanya nini kuhusu hali hii? Hawawezi kuleta mvua wala kuchimba visima. Lakini wao ndio watakaoandika kamusi, vitabu vya shule na taarifa za habari za kesho. Kiswahili kilikwisha kukopa kutoka kwa mabaharia wa Arabuni, Uajemi, Bara Hindi na Ureno maneno ya tanga, pepo na bandari, na hakuna anayesema kwamba kilipungukiwa kwa kukopa. Kinazungumzwa leo hadi North Horr, darasani, sokoni na katika ofisi ya chifu, na kwa hiyo kina deni la kukopa huko pia. Neno kama "gof" linataja umbo la ardhi ambalo pwani haina, na kulifasiri kwa "shimo" ni kulidhulumu. "Adolessa" linaweza kuwekwa kando ya kipupwe, si kwa kulifuta, bali kumwonyesha msomaji kwamba majira yale yale yana uso mwingine. Fauka ya hayo, mtunzi wa kamusi anaweza kuongeza chini ya neno "baridi" maana ambayo msichana wa Chalbi aliiandika bila kufundishwa na mtu.

Imebaki kuifuata pepo hadi mwisho wa safari yake. Karibu na Loiyangalani, pale bonde linapoibana zaidi, imesimamishwa mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, ambayo tangu mwaka 2018 hupeleka umeme katika mfumo wa taifa kwa nyaya zinazofika Suswa. Nyaya hizo zilipoanza kazi, mji wa Marsabit wenyewe ulikuwa bado ukitegemea jenereta za dizeli. Na kwa kuwa umeme wa taifa huchanganywa katika mfumo mmoja, hakuna awezaye kusema taa ipi imewashwa na nini. Inatosha kujua kwamba kusi ikisha kupita juu ya mapaa ya Likoni na kuunywesha msitu wa Marsabit ukungu wake, sehemu ya nguvu ya mkondo huo hurudi kusini kwa nyaya, na huenda usiku ikamwangazia mwanafunzi wa Changamwe anayejisomea jiografia ya nchi ambayo kitabu chake kinaiita tupu.